Uliposhuka ngazi bila kugonga mlango

Swali

"Shikamoo mama. Nina miaka 29, nakaa Tandika, nauza vitenge na kanga kwenye duka la baba mdogo pale Kariakoo. Yeye ndiye aliyenilea. Tangu nikiwa sekondari nachora kanga: pindo la pembeni, mji wa katikati na jina lake, yaani yale maneno. Nina madaftari 11 chini ya godoro. Mwezi wa pili mteja aliona mchoro nilioufanya nyuma ya risiti, akaniunganisha na tajiri mmoja wa jumla anayechapisha kanga. Ofisi yake ipo mjini, ghorofa ya tatu. Akasema niende Jumanne yoyote na kazi zangu. Nimekwenda mara tatu, zote asubuhi. Siku ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, nikawaza atanionaje, mkono ukakataa kugonga, nikashuka. Nilipofika chini nikahisi kama nimetua gunia. Siku ya pili niliishia kwenye ngazi. Siku ya tatu niligeukia Mnazi Mmoja, hata barabara sijavuka. Sasa hata kuchora siwezi, nikishika kalamu naona kila mstari mbaya. Halafu najiuliza, hii si tamaa tu? Baba mdogo si ataona sina shukrani? Na nikiacha duka nitakula nini? Nifanye nini woga uishe ili nianze? Au ndiyo ishara kwamba sikuumbiwa kazi hii?"
M., Tandika

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kuna sentensi moja nimeipigia mstari. Siyo ile ya ishara. Ni hii uliyoipitisha haraka haraka: "Nilipofika chini nikahisi kama nimetua gunia."

Hapo ndipo penye kazi yetu. Hebu panga safari zako tatu upya. Ya kwanza ulifika mlangoni. Ya pili kwenye ngazi. Ya tatu Mnazi Mmoja, ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi, jengo lenyewe bado hujaliona. Na sasa hofu imekufuata hadi chumbani Tandika, imekaa juu ya daftari. Kila ulipogeuka, safari iliyofuata hofu ilikukuta mapema zaidi. Tajiri ni yuleyule, ngazi ni zilezile, na wala michoro yako haikuharibika kati ya Jumanne moja na nyingine. Kilichokuwa kinaongezeka ni ile raha ya kutua gunia.

Mwili hauna hesabu ndefu. Ulipokaribia mlango, adrenalini, homoni ya hofu, ilipanda, moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa. Ulipogeuka, vyote vikatulia kwa dakika chache. Mwili ukaandika somo lake: kugeuka kunaponya. Safari iliyofuata ukakuletea dawa hiyo mapema, kabla hujaumwa sana. Wewe mwenyeji wa Kariakoo utanielewa nikisema hofu ina tabia za dalali. Mlipe mara moja kwa kazi ambayo hakuifanya, kesho utamkuta anakusubiri mtaa wa pili, keshokutwa mlangoni kwako asubuhi hujapiga mswaki. Na malipo yake ni ile nafuu.

Kwa hiyo swali lako, "nifanye nini woga uishe ili nianze", naliona limepinda. Umeweka mwisho wa hofu kama kiingilio. Katika miaka yangu yote ya kukaa na watu wenye shida ya namna hii, sijapata kumwona hata mmoja ambaye hofu yake iliisha akiwa nyumbani anaisubiri iishe.

Halafu hilo neno woga. Kiswahili kimetupa maneno mengi hapa na wewe umetumia moja tu, tena kali kuliko yote. Hofu inakuja na kuondoka. Wasiwasi ni hofu isiyo na sura, inazungukazunguka kichwani. Haya na soni ni mambo ya macho ya watu. Woga tunampachika mtu kama jina: fulani mwoga. Ukijiita hivyo umejihukumu kwa tabia, wakati shida yako ni tukio lililokutokea mara tatu. Tena wazee wetu hawakuwa wepesi wa kuwacheka wanaoogopa. Walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Anayevuka Barabara ya Morogoro usiku na aukumbuke. Ila ngazi za ghorofa ya tatu hazijamuua mtu kwa kubeba daftari.

Nikuambie langu. Nilipokuwa mshauri mpya, niliombwa kuzungumza na wazazi katika shule moja upande wa Temeke. Asubuhi ya siku yenyewe nikapiga simu kusema nina homa. Saa saba mchana nilikula pilau sahani mbili, na nakumbuka hadi leo jinsi ilivyokuwa tamu. Mwezi uliofuata wakaniita tena, nikasema sauti imekauka. Mara ya tatu hawakuniita, walimwita mwenzangu, na mimi nikazunguka ofisini nikisema wale watu hawana utaratibu. Kilichonitoa huko hakikuwa ushujaa. Rafiki yangu alikuwa na kikundi cha vikoba Yombo, wanawake wanane chini ya mwembe, akaniomba niwape dakika kumi tu. Nilikwenda na karatasi. Nikaanza kusoma, ikawa inatetemeka kiasi kwamba mistari siioni. Bibi mmoja aliyekaa mbele, bila kusema kitu, akanyoosha mkono akanishikia ile karatasi kwa upande wa chini ili itulie. Kisha akasema, "Endelea, tunasikia." Nikaendelea. Kufika ukurasa wa pili alikuwa ameshaiachia na wala sikujua ameiachia saa ngapi.

Kilichotokea pale kina historia yake, na historia yenyewe haianzii mbali na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Johannesburg, daktari Joseph Wolpe alikuwa akichunguza paka waliopata maumivu ndani ya kizimba hadi wakakataa kula humo hata wakiwa na njaa. Hakuwarudisha kizimbani kwa nguvu. Aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana na kile cha mateso. Walipokula kwa utulivu, akawasogeza chumba kinachofanana nacho kidogo, kisha kinachofanana zaidi, hadi siku wakala ndani ya kizimba chenyewe. Mwaka 1958 alitoa kitabu kuhusu matibabu haya kwa binadamu, na ngazi ya namna hiyo, iliyorekebishwa na wengi waliokuja baadaye, ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Siri yake haiko kwenye ujasiri wa paka. Iko kwenye ukubwa wa hatua, na kwenye kukaa pale mpaka mwili utulie wenyewe.

Wewe ulitoka chini ya godoro ukaenda moja kwa moja kizimbani. Madaftari 11 ambayo hakuna jicho lililoyaona, kisha siku moja yote kwenye mkoba kwa mtu mwenye mashine! Hatua hiyo ingemrudisha yeyote.

Basi tutengeneze ngazi zako. Chukua mchoro mmoja, usiwe ule unaoupenda kuliko yote. Upige picha, umtumie mtu mmoja ambaye maoni yake hayawezi kukuharibia usingizi. Yule mteja aliyeona risiti anafaa, maana kwake siri imeshatoka. Simu usiizime. Usiifute ile picha ukiona tiki mbili hazijageuka bluu. Kaa na tumbo lako hivyohivyo. Mara nyingi hofu hupanda, ikafika mahali, ikaanza kushuka yenyewe ndani ya nusu saa hivi, hata usipofanya lolote. Huo mshuko wewe hujawahi kuuona, kwa sababu kila mara umeondoka kabla.

Hatua ya pili ifanyie dukani kwenu, na hapa una bahati ambayo wachoraji wengi wa mji huu hawana: wanunuzi wa kanga wanakuja wenyewe mpaka mezani kwako. Akija mama anayechagua doti za kupeleka kwenye shughuli, mtolee mchoro mmoja. Tafadhali usimwulize "ni nzuri?" Hilo ni swali la mtu anayeomba kusamehewa, na atakujibu kwa huruma. Muulize, "Kanga yenye jina hili ungempelekea nani?" Utaona atakavyocheka au atakavyonyamaza, na akianza kumtaja wifi yake au shoga yake, ujue jina limefanya kazi. Akisema hajaelewa, umepata taarifa ambayo hakuna daftari lingekupa. Fanya hivyo kwa akina mama kumi. Wa kwanza utamuuliza sauti ikikwama. Wa saba utamuuliza huku unakata kitenge cha mtu mwingine.

Kisha rudi mjini, lakini siku hiyo usibebe mchoro wowote. Panda mpaka ghorofa ya tatu, gonga, uulize maswali ya biashara. Wanachapisha kuanzia jora ngapi? Wanapokea mchoro wa karatasi ya ukubwa gani? Rangi ngapi? Hili la rangi ni la maana sana, kwa sababu kwenye uchapaji wa skrini, ile fremu ya wavu inayopitisha rangi, kila rangi inataka skrini yake, kwa hiyo mchoro wa rangi saba unaokupendeza wewe unaweza kuwa gharama inayomkimbiza yeye. Ukirudi na majibu hayo, utachora kama mtu aliye ndani ya kazi. Na utakuwa umeshakaa kwenye kile chumba, umeshasikia feni yake inavyolia.

Mara ya mwisho, michoro mitatu. Siyo 11, siyo daftari zima.

Watu wa mji huu wakitaka kutiana moyo humtaja Edward Saidi Tingatinga, na kwa kawaida wanasimulia mwisho wa hadithi. Mimi napenda mwanzo wake. Kijana kutoka Tunduru aliyekuja kutafuta maisha, akafanya kazi za ndani kwa Wazungu, mwaka 1968 anaanza kupaka wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli kwenye vipande vya hadibodi vya kama futi mbili kwa mbili, vikauzwa nje pale Morogoro Stores, Oysterbay. Hakusubiri turubai wala rangi za kisasa. Alipata miaka minne tu, maana mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Sikupi kisa hiki kama ahadi. Wengi walichora wakati ule na majina yao hatuyajui. Nakupa ile futi mbili kwa mbili.

Sasa macho ya watu. Umeandika kwamba mlangoni uliwaza "atanionaje". Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha mwaka 2000 utafiti ambao huwa nausimulia sana. Walimvisha mwanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo vijana wale waliiona ya aibu, wakamwingiza kwenye chumba cha wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona picha ile. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Nitakuwa mkweli kwako: michoro yako tajiri ataitazama, ndiyo shughuli yake. Lakini ndala zako, sauti yako kukwama, jasho la mdomo wa juu, hayo yote unayatazama wewe peke yako. Dakika kumi baada ya wewe kutoka atakuwa anawaza kontena lake lililokwama bandarini.

Na akikataa? Huenda akakataa. Kanga ni biashara yenye ladha zake na misimu yake, na yeye anajua kipi kilimwozea stoo mwaka jana. Muulize sababu, andika jibu lake neno kwa neno kabla hujafika Mnazi Mmoja, kwa maana ukifika Kariakoo kichwa kitakuwa kimeshaligeuza kuwa "amesema sifai". Hakusema hivyo. Alisema pindo ni pana.

Kuna hofu yako nyingine ambayo sitaki kuichanganya na hizi, kwa sababu haitibiwi kwa ngazi. Umeandika pia kwamba ukiacha duka utakula nini. Hiyo siyo soni, hiyo ni hesabu, na hesabu hufanywa kwa kalamu. Huenda kodi yako ni ya miezi sita kwa mkupuo kama ya wapangaji wengi wa Dar. Basi jua tarehe ya kodi inayofuata, jua nauli na chakula cha mwezi, ujumlishe. Utakuta hofu iliyokuwa kubwa kama mji ina tarehe na kiasi. Mpaka kiasi hicho kipatikane kwa kanga, duka huachi. Nani kakwambia kuchora na kuuza havikai pamoja? Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, miaka mingi akiwa idara ya forodha, na kalamu yake haikusubiri astaafu.

Vilevile, ukimwogopa mtu kukuibia mchoro, hiyo nayo ni hofu yenye akili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, na COSOTA ndiyo ofisi ya kuisajili ili uwe na ushahidi mkononi. Piga picha zenye tarehe, acha nakala, karatasi yenyewe rudi nayo. Basi, hilo limekwisha.

Tamaa na baba mdogo. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nimeona wanawake wengi wa umri wako wanalia kwa jambo hili kuliko la ngazi. Lugha yetu imelibebesha neno tamaa mzigo wa aibu. Tamaa mbele, mauti nyuma, tumeimbiwa tangu utotoni. Lakini wewe unauza kanga, na nina hakika imepita mikononi mwako ile isemayo "Japo sipati, tamaa sikati". Mama zetu waliinunua, wakajifunga, wakaenda nayo msibani na harusini, na hakuna aliyewaita walafi. Tamaa iliyokatazwa ni ile ya kutaka cha mwenzako. Kutaka kuona jina ulilotunga likipita Mtaa wa Kongo mgongoni mwa mtu usiyemjua, sioni umemnyang'anya nani.

Baba mdogo umemweka kwenye kesi bila kumwita shahidi. Unajua atasema nini kwa sababu umemjibia. Huenda akakasirika kweli. Lakini huyo ni mtu ameuza vitambaa miaka mingi kuliko umri wa madaftari yako, anajua pindo gani linatoka mwezi wa Ramadhani na rangi gani inalala. Usimpelekee habari ya kuondoka, maana huondoki. Mpelekee mchoro. Jioni mkishafunga, akiwa anahesabu, msubiri amalize (mtu anayehesabu hela hasemeshwi, unalijua hilo), kisha mwambie, "Baba, hii ingetoka?" Shukrani kwa mlezi wa biashara naiona hapo, umemuuliza anachokijua. Sikuahidi atafurahi. Nakuambia tu kwamba hicho kinyongo unachokiogopa kitaletwa zaidi na siku atakayosikia habari zako kutoka kwa jirani wa duka.

Kuhusu kalamu iliyokataa. Ulipokuwa unachora kwa ajili ya godoro, mkono ulikuwa peke yake. Tangu ulipoalikwa, tajiri amekaa begani anatazama kila mstari. Mwondoe kwa ujanja mdogo: kwa wiki mbili chora kanga mbaya kwa makusudi. Namaanisha mbaya kabisa. Mji uliopinda, pindo la mabata, jina la kuchekesha ambalo hakuna mwanamke angelivaa hata kuchotea maji. Dakika ishirini kabla ya kufungua duka, nyuma ya risiti, kulekule kazi yako ilikoonekana mara ya kwanza. Mchana tupa. Hakimu hawezi kukaa kwenye kesi ambayo mshtakiwa amekiri kila kitu. Ukijikuta siku ya tisa umeficha risiti moja mfukoni badala ya kuitupa, usishangae.

Neno la tahadhari. Ikiwa moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa nyumbani, usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, huli, au umeanza kuogopa kupanda mwendokasi na kukaa kwenye watu, hayo nenda kwa daktari. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu wakakuandikia rufaa. Wanaokwenda huko ni watu kama mimi na wewe, wana madaftari yao pia.

Ishara uliyoniuliza sina. Ningekuwa nasoma ishara, ningesema mtu asiyeumbiwa kazi hafikishi daftari la 11 bila mtu wa kumpigia makofi, lakini mimi si mpiga ramli.

Jambo la mwisho ni dogo. Alikuambia Jumanne, na umekuwa ukienda Jumanne asubuhi. Kwa safari ile ya maswali, nenda alasiri, saa kumi hivi, wapagazi wakishamaliza kupandisha mzigo na watu wa ofisini wanakunywa chai. Ukifika ghorofa ya tatu pumzika kwenye kona ya ngazi mpaka pumzi irudi, maana hata mimi ngazi hizo zingenihemesha. Mkono ukikataa kugonga, usishuke. Simama hapohapo. Mlango wa ofisi ya jumla haukai dakika tano bila kufunguliwa na mtu mwingine, na atakayetoka atakuuliza, "Dada, unamtafuta nani?"